Usimchape aliyefungua redio, mpe betri mbili

SEHEMU YA 4

Mama zangu wa Mwanga, Ujiji, Kibirizi na mwambao wote, 

Leo tumzungumzie yule wa miaka tisa, kumi, anayefungua kila kitu: redio, tochi, rimoti. Tunamwita mharibifu, fimbo inafuata. Mimi kama nesi nasema fimbo haimlindi. Ukimkataza kabisa atajaribu ukiwa sokoni, tena kwenye soketi ya ukutani yenye volti 230. Hizo zinaweza kusimamisha moyo.

Betri mbili za redio zikifuatana zinatoa volti 3 tu, hazimpigi shoti. Aanzie hapo. Mwombe fundi redio taa ndogo nyekundu ya LED na rezista ya ohm 100. Rezista ni kama koki, inapunguza umeme ili taa isiungue. Waya utoke chanya ya betri, upite kwenye rezista, uingie mguu mrefu wa taa, utoke mguu mfupi, urudi hasi. Nyaya zishikwe kwa selotepu. Asiunganishe chanya na hasi bila taa na rezista katikati, betri zitapata moto.

Isipowaka, usimkimbilie. Mwache atafute: amegeuza taa? Waya umeachia? Kutafuta kosa ndiyo shule yenyewe.

Na asikwambie mtu haya hayatuhusu. Zamani dagaa wetu walivuliwa kwa karabai. Siku hizi usiku wa giza ziwani utaona taa za LED na betri. Zikifa, lazima awepo wa kuzifungua. Kwa nini asiwe mwanao? Na binti pia, jamani, si kaka yake tu.

Sasa masharti. Hapa sitanii:

1. Betri bapa za duara kama sarafu, zile za rimoti, asichezee kabisa. Mdogo wake akimeza moja ikakwama, inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa 2, hata kama imeisha nguvu. Usimtapishe, usimpe chakula, usisubiri itoke yenyewe. Nenda hospitali muda huohuo na useme wazi: amemeza betri. Kama mko mbali, mtoto ana zaidi ya mwaka mmoja, anaweza kumeza na hazijapita saa 12, mpe asali vijiko viwili vya chai kila dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara 6. Asali haitoi betri, inapunguza kuungua tu. Safari isicheleweshwe kwa kutafuta asali.

2. Betri ya simu haitobolewi wala haipindwi, inaweza kulipuka moto. Ya sola na ya pikipiki asiguse, nyaya zake zikigusana zinaunguza vibaya.

3. Risasi ya kuchomelea bado. Ni sumu kwa ubongo wa mtoto na kwa mama mjamzito.

4. Vifaa vyote vikae kwenye kopo lenye mfuniko, juu, asikofika mdogo wake.

Mama, gharama yake ni ndogo, na mtoto aliyefundishwa mbele yako hana sababu ya kujificha nyuma ya mlango na waya mkononi.

Wa kwako alifungua nini? Niandikie hapa chini, na mtumie mama mwenzako mwenye rimoti isiyo na kifuniko. Sehemu ya 5 tunaingia jikoni: maji ya moto na mafuta.