Mikojo yenye kutoka yenyewe: kila mama apimwe ugonjwa wake

Sisi wa sendika ya wachimbaji tumezoea kusema juu ya mashimo yenye kuporomoka na bei ya dhahabu. Leo tunasema juu ya jambo lenye kufichwa: wamama wenye kutwanga mawe na kubeba mizigo, mikojo inawatoka bila wao kutaka. Kwenye machimbo watu wanacheka, wengine wanasema amelogwa. Hapana. Ni ugonjwa, na uko wa namna mbalimbali.

Kuko mama mwenye kutokwa na mikojo akikohoa, akicheka ao akiinua gunia: misuli yenye kushikilia kibofu imelegea, kwa kuzaa ao kwa mizigo mizito. Kuko mwenye kushikwa na mikojo ghafula, hafiki chooni. Mwingine mikojo haiishi kibofuni, inajaa mpaka inamwagika kidogo kidogo. Na kuko yule mwenye kulowa usiku na mchana: huyo aangaliwe kama ana fistula, ni kusema tundu kati ya kibofu na uke, lenye kuletwa na uchungu wa kuzaa uliokawia sana ao na kubakwa.

Dawa ya mmoja si dawa ya mwingine. Wa kwanza anafundishwa mazoezi ya kukaza misuli. Wa fistula, mara nyingi anapasuliwa. Kwa hiyo muganga asiandike dawa mbele ya kuuliza: inatoka wakati gani? Ulizaa namna gani? Apime mikojo, maana ambukizo peke yake linaweza kuleta taabu hii. Amwambie mama akohoe, aangalie. Akishuku fistula, anatia maji ya rangi ya bluu kibofuni, anaona kama yanatokea ukeni.

Hapa Bukavu tuko na Panzi, hopitali Dokta Mukwege aliyoanzisha 1999, inatengeneza fistula. Lakini kutoka Kamituga ao Shabunda mpaka Panzi ni safari, ni franga. Ndiyo maana tunadai: ninyi maPDG wa mashimo na ninyi wa koperativi, munakula jasho la hawa wamama, mulipe usafiri na vipimo, mupunguze uzito wa gunia.

Na sisi wanaume, tuache kufukuza bibi juu ya harufu. Bibi yako akilowa, umusindikize kwa muganga. Hiyo pia ni kazi ya sendika.