Mgeni Aonyeshwa Nini Zanzibar?

Mgeni akishuka bandarini Malindi, huonyeshwa nini ili aijue Zanzibar? Hupelekwa mashamba ya viungo, kisha kwenye nyumba isemwayo ni ya mwimbaji Freddie Mercury, aliyezaliwa hapa mwaka 1946, na jioni hupakiwa jahazini akanywe pombe huku jua likitua. Tanga la wazee wetu limekuwa pazia la kupigia picha! Na nahodha, Mwislamu mwenye kuswali, hana la kufanya ila kugeuza uso.

Wala tusitafute wa kumlaumu. Utalii si jambo la Muungano. Zanzibar ina Rais wake, Serikali yake na Baraza lake la Wawakilishi. Jinsi ya kumpokea mgeni ni juu yetu wenyewe.

Jahazi ni elimu. Kaskazi, tangu Desemba hata Machi, ndiyo iliyowaleta Waarabu, Waajemi na Wahindi, na kusi ndiyo iliyowarudisha kwao. Aliyeikosa kusi alikaa mwaka. Katika kungoja huko watu walioana, wakasomeshana dini, na lugha hii tuisemayo ikapata maneno mengi. Tena palikuwa na mtepe, chombo kisicho na msumari: mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka. Ni nani katika vijana watembezao wageni awezaye kueleza jinsi ubao ushonwavyo usivuje? Mfano wa mtepe uliwekwa Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka, na dunia nzima ikapata habari. Fundi akifa na ujuzi wake, nani hupata habari?

Mwaka 1840 merikebu iitwayo Sultana ilifika New York na karafuu, pembe na tende, pamoja na Ahmad bin Naaman, mjumbe wa Sayyid Said. Mmarekani angependa kulisikia hilo. Haambiwi.

Na kweli isemwe yote. Bahari hiyohiyo ilichukua watumwa, na soko lao mjini halikufungwa mpaka mwaka 1873. Kuna watembezaji walirukao jambo hili, na kuna wasiotaja jingine lolote. Wote hao wampunja mgeni.

Utasema vijana watafuta riziki. Sawa. Lakini riziki yapunguka nini mgeni akipelekwa Nungwi kuwatazama mafundi wakichonga na kutia kalafati, akaelezwa kila kitu na kazi yake? Atalipa vilevile, na pombe haimo.

Nawe nyumbani je? Leo baada ya Isha muulize mwanao foromali ni nini, na demani ni msimu gani. Asipojua, Nungwi si mbali, na mafundi hawaoni uchungu kuulizwa.