Namba ya Metorex, nani anaisoma?

Mvuvi wa Kapolowe akileta samaki ya Changalele ku soko, yeye na mnunuzi wote wawili wanaiona kwa macho. Lakini sisi tukifika na mfuko wa minerai ku depo, macho hayatoshi. Mnunuzi anashika Metorex, kile chombo chenye sura ya bunduki, namba inatokea upande wake, na bei ya kazi ya wiki nzima imekwisha kukatwa.

Chombo hicho hakikushuka mbinguni. Metorex ilikuwa kampuni ya Finlande, kisha ikanunuliwa na Oxford Instruments ya Uingereza. Na hiyo ilianza namna gani? Martin Wood, aliyefanya kazi ya kuchimba makaa ya mawe akiwa kijana, alisoma uinjinia, akapata kazi ku laboratware ya universite ya Oxford. Mwaka 1959, yeye na bibi yake Audrey walianzisha kampuni kwao nyumbani. Kiwanda cha kwanza kilikuwa kibanda cha bustani. Leo inatengeneza vyombo vya nanoteknolojia, vya kuchungulia vitu vya nanometa: milimita moja ukiikata mara milioni. Vyombo vya kupima minerai, mwaka 2017 iliviuzia Hitachi ya Japani.

Basi wandugu, tusiogope mashine, tuijue. Inatuma rayons X, sawa ile ya radio ku hospitali, na kila chuma kinajibu kwa alama yake. Lakini inasoma juu-juu tu, pale inapoelekezwa. Minerai yenye maji inashusha namba. Jiwe ambalo halijasagwa linaweza kudanganya, upande huu hivi, upande ule vile. Tena, mashine isiporekebishwa vizuri, itasema uongo bila haya. Kosa si la mashine, ni la mkono unaoishika.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Minerai ikaushwe, isagwe na kuchanganywa mbele ya mwenye mfuko, ipimwe zaidi ya mara moja. Namba ionyeshwe kwa wote wawili. Na serikali ifungue hapa Likasi nyumba ya kupimia isiyo ya mnunuzi, pamoja na wanafunzi wa Polytechnique ya Lubumbashi: wao ndio warekebishe hizo mashine na kuzitengeneza zikiharibika. Kibanda kimoja kinatosha kwa kuanza. Kule Oxford kilitosha.

Na sisi wazazi je? Mtoto tunayemtoa darasani aende kuosha minerai ku mto, ndiye angeweza kesho kuisoma hiyo namba, hata kutengeneza chombo chenyewe. Wood alitoka shimoni akaingia masomoni. Watoto wetu tunawapitisha njia ya kinyume, kisha tunalia kwamba depo inatuibia.