Dago Moja, Miji Mitatu

Wako wenzetu waendao Italia wakataka kulala kila usiku mji mwingine. Twaona hilo si shauri jema. Msafiri ahamaye kila asubuhi huijua mizigo yake kuliko miji aliyoiendea.

Katika jimbo la Umbria yafaa kupiga dago Perugia, makao makuu ya jimbo, na kutoka hapo kwenda na kurudi. Assisi iko kiasi cha kilomita 25 tu, na Spello iko mbele yake kwenye reli ile ile. Lakini tahadhari: miji hii imejengwa vilimani, na treni hushusha abiria bondeni. Kutoka kituo cha Assisi hupandwa basi hadi mjini. Gubbio haina reli kabisa. Huko ni basi tu, na saa za kurudi zisomwe kabla ya kuondoka, hasa Jumapili.

Tena siku moja iwe mji mmoja. Mshika mbili moja humponyoka. Mwenye haraka atapita Assisi asijue kwamba sehemu ya dari ya kanisa la Mtakatifu Fransisko, lililoanza kujengwa mwaka 1228, iliporomoka kwa tetemeko la 1997 ikaua watu wanne. Atapita Gubbio asivione vibao saba vya shaba nyeusi vilivyohifadhi Kiumbria, lugha isiyo na msemaji tena. Sisi ambao lugha yetu ingali vinywani, na washairi wetu wangali wakitunga, tuna sababu ya kusimama mbele ya vibao hivyo saa nzima.