Kabla hujabeba godoro, liweke kwenye mizani

LEO naomba nizungumzie jambo ambalo wengi hulidharau mchana na kulikumbuka usiku. Nazungumzia godoro. Najua wapo watakaocheka kwamba mtu mzima anachukua kalamu kuandikia gazeti habari za sponji, lakini atakayecheka ni yule ambaye hajawahi kuamka mgongo umekakamaa na siku nzima ya kazi inamsubiri.

Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka kadhaa nilishona kwenye kibaraza kimoja pale Mchesi, mjini Lilongwe, ambako Kiswahili cha Bukavu, cha Uvira na cha Bujumbura kilisikika dukani kando ya Kichewa. Kazi yangu ni ya kukaa. Mgongo ndio mtaji wangu wa pili baada ya mashine. Kwa hiyo nilipokusanya fedha ya kuachana na mkeka, nilijiona nimefanya la maana.

Nilikwenda kwa muuzaji mmoja, jina lake nitalihifadhi. Godoro lilikuwa nene, inchi sita, kitambaa cha maua kinang'aa. "Achimwene," akaniambia, "hili ni haidensiti, utalala mpaka upate wajukuu." Bei ilikuwa chini kuliko kwa wengine wote. Nikalipa, nikapakia kwenye baiskeli ya kabaza, mama watoto akapiga vigelegele.

Haikufika miezi mitatu, lilikuwa limebonyea katikati kama karai. Nikachukua mkasi wangu wa kazini, nikalipasua mshono. Juu kulikuwa na tabaka la sponji lenye unene wa vidole viwili, chini vivyo hivyo, na katikati vipande vya kila rangi vilivyoshindiliwa bila gundi, pamoja na matambara. Niliporudi kulalamika, yule bwana hakubishana hata kidogo. Alinionyesha karatasi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Hapa niseme wazi. Karatasi ya namna hiyo si sheria. Malawi ilitunga Sheria ya Kulinda Walaji mwaka 2003, na Tume ya Ushindani na Biashara ya Haki imekuwa ikiwaonya wafanyabiashara wanaobandika matangazo hayo. Lakini mimi siku ile sikuwa na risiti. Na hata ningekuwa nayo, mkimbizi anayeishi mjini kwa wasiwasi hapendi kwenda ofisi yoyote ya serikali kuuliza chochote. Wauzaji wajanja wanalijua hilo kuliko sisi wenyewe.

Kwa nini magodoro mabovu yamekuwa mengi? Sponji hutengenezwa kwa kemikali ambazo huagizwa nje kwa dola. Kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 25 Mei 2022, kisha Novemba 2023 dola ikapanda kutoka kwacha zipatazo 1,180 hadi 1,700 kwa siku moja. Mnunuzi hakuongezewa kipato, kwa hiyo kilichopunguzwa ni kilichomo ndani ya kitambaa. Unene umebaki uleule, maana unene ndio tunaoutazama.

Na hilo ndilo kosa letu. Tunanunua godoro kwa inchi, kumbe godoro hununuliwa kwa kilo. Neno haidensiti maana yake ni uzito wa sponji katika ujazo wake, wala si ugumu wala unene. Chukua godoro la futi nne kwa sita, inchi sita. Ujazo wake ni kama theluthi moja ya mita ya ujazo. Sponji nyepesi, ya kilo 15 kwa mita ya ujazo, itakupa godoro la kilo tano hivi. Sponji ya kilo 25 itakupa kilo nane na zaidi. Tofauti hiyo mkono unaweza kuidanganya, mizani haidanganyiki kirahisi. Nasema kirahisi kwa sababu wapo watengenezaji wanaochanganya unga wa chokaa ili kuongeza uzito. Kwa hiyo baada ya mizani, weka goti katikati, kandamiza kwa nguvu, toa. Sponji nzuri inarudi mara moja. Mbovu inakuachia shimo na kujikokota. Kisha omba kufungua zipu, na kama haina zipu uliza kwa nini. Mimi fundi nakwambia, zipu ni kitu cha bei ndogo sana.

Sisemi kwamba sponji ya vipande ni mbaya yote. Ile iliyosagwa na kubanwa kwa gundi kiwandani ni nzito na ngumu, na inadumu. Ubaya ni vipande vilivyojazwa ovyo kama pamba ya mto.

Sasa nije kwenye jambo litakalonigombanisha na baadhi ya wasomaji. Wataalamu wengi wa maneno husema usinunue kamwe godoro lililotumika. Huo ni ushauri wa mwenye mshahara. Nguo za mitumba, kaunjika kama zinavyoitwa hapa, tunavaa, viatu tunavaa. Godoro zito lililotumika miaka miwili katika nyumba unayoijua ni bora mara kumi kuliko jipya la matambara. Ila masharti yawepo. Ulifuate nyumbani kwa mwenyewe, usilinunue kando ya barabara. Kagua mishono yote kwa tochi. Madoa madogo meusi kama ya wino wa kalamu ni alama ya kunguni, na hapo geuka uondoke hata ukipewa bure, kwa sababu kunguni hukaa miezi bila kula na kuanika juani peke yake hakuwamalizi. Usishawishike kulimwagia dawa ya shambani inayouzwa kwenye vichupa visivyo na maandishi. Utalala nayo, na mtoto atalala nayo. Lenye harufu ya mkojo au ukungu liache.

Kuna mengine mawili nisiyoweza kuyapita. Mtoto mchanga asilazwe kwenye godoro lililobonyea, anaweza kuzama uso akakosa pumzi. Na mshumaa usikae karibu na kitanda. Umeme ukikatika tunawasha mishumaa, lakini sponji hushika moto upesi na moshi wake ni sumu, unaua kabla moto haujafika.

Mwaka 2023 serikali ilipoagiza wakimbizi wanaoishi mijini warudi Dzaleka, mimi niliacha kitanda nikabeba godoro. Dzaleka, kwa asiyeijua, iko wilaya ya Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu 10,000 hadi 12,000, na leo ina zaidi ya 50,000. Wengi wanalala sakafuni. Godoro la sakafuni hunyonya unyevu na kuota ukungu kwa chini, kwa hiyo weka mbao juu ya matofali, au hata mkeka, na uliinue kila asubuhi.

Rai yangu ni kwa vikundi vyetu vya kuweka akiba. Tunagawana fedha mwisho wa mzunguko, kila mmoja anakimbilia sokoni peke yake na kuibiwa peke yake. Watu kumi wakienda pamoja kiwandani watapunguziwa, na watapewa risiti. Kwa Shirika la Viwango la Malawi nina ombi moja tu: kila godoro liandikwe uzito wake kwenye kitambaa, kama mfuko wa sukari unavyoandikwa.

Mwezi uliopita nilikwenda tena kununua, safari hii la watoto. Nilimwazima mama mmoja muuza mahindi mizani yake ya kuning'iniza. Muuzaji wa kwanza alipoiona alicheka. Wa pili alikasirika, akasema namwita mwizi. Wa tatu, mzee mmoja, alilifunga godoro kwa kamba mwenyewe, akalining'iniza. Kilo nane na robo. Nikamwomba aandike kwenye risiti, akaandika.