Mkulima Aliyeitangulia Mvua



Ndugu wasomaji, ada yetu katika ukurasa huu ni kuwakumbuka wanavyuoni waliotuachia vitabu. Wiki hii twapenda kumkumbuka Mwislamu mwenzetu ambaye hakujua kusoma wala kuandika, bali alichokiacha juu ya ardhi chasomeka na kila mwenye macho. Huyo ni marehemu Yacouba Sawadogo, mkulima wa kijiji cha Gourga, kaskazini mwa Burkina Faso, aliyefariki tarehe 3 Disemba 2023, naye ni mtu wa miaka 77.

Akiwa mtoto mdogo, wazazi wake walimpeleka chuoni nchini Mali akasome Qur'ani. Alipokuwa mtu mzima alifanya biashara sokoni. Kisha, karibu na mwaka 1980, ukame ulipokuwa umeishika nchi ya Saheli, aliiacha biashara akarudi kwenye jembe. Na tuupime uzito wa uamuzi huo. Watu wa sehemu zile walikuwa wakihama makundi kwa makundi kutafuta riziki ugenini, kwani ardhi ilikuwa imekauka ikawa ngumu mfano wa sakafu. Hata mvua iliponyesha, maji yalitiririka juu yake yakaenda zake. Yeye, baba wa familia kubwa yenye kungojea chakula mkononi mwake, akaamua kubaki.

Alichokifanya hakikuhitaji mashine. Wazee wa kwao walikuwa na desturi ya kuchimba vishimo vidogo shambani, viitwavyo zai. Yeye alivichimba vipana na virefu zaidi, akavitia samadi, kisha akapanga mistari ya mawe ili kuyazuia maji yasikimbie. Samadi iliwavuta mchwa, ambao sisi twawahesabu kuwa maadui wa majumba yetu, nao wakatoboa vijia vya kupitishia maji hadi chini. Mtama ukaota pahali ambapo hapakuwa na jani.

Lakini jambo lililowashangaza majirani ni wakati aliouchagua. Alichimba kiangazi, jua likiwaka, wakati ambapo kila mtu amekaa kivulini akiingoja mvua. Walimwita mwendawazimu. Naye hakuwajibu kwa maneno. Aliwajibu kwa mavuno.

Katika mashimo yale, pamoja na mtama, ilichipua na miti. Hakuing'oa. Aliilea na kuiongeza mwaka baada ya mwaka hata ukawa msitu wa hekta karibu 40, wenye miti na vichaka vya aina zaidi ya 60, na ndani yake dawa za kutibia wagonjwa. Moto uliwahi kuunguza msitu huo, akapanda tena. Mji wa Ouahigouya ukapanuka, ardhi yake ikapimwa viwanja, akasimama kuutetea. Na elimu yake hakuificha: wakulima wa vijiji vingi walikusanyika shambani kwake kubadilishana mbegu na kujifunza. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Right Livelihood, na mwaka 2020 akatukuzwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu ni hapa kwetu Kenya, Gigiri mjini Nairobi.

Ndugu zetu, maisha ya mzee huyu yatuhusu. Sisi wa Kilifi na Kwale tungali twakumbuka ukame uliokwisha mwaka 2023, baada ya misimu mitano mfululizo kupita bila ya mvua ya kutosha. Ganze na Kinango zaelewa ilivyokuwa. Katika shida kama hizo twaswali swala ya kuomba mvua, na hiyo ni sunna isiyofaa kuachwa. Lakini na tujiulize: mvua tuliyoiomba, ikija itatukuta tumeiandalia nini? Itakuta shimo limechimbwa, au itapita juu ya mashamba yetu ikaishie baharini? Mwenye kuomba mvua na jembe lake limeshika kutu ameomba nusu ya dua. Tawakali ya marehemu ilikuwa ni kuchimba kabla ya wingu kuonekana.

Wala ujuzi huo si mgeni kwetu. Wafugaji wengi wa Kenya wajua kupanda majani ya ng'ombe kwa njia ya tumbukiza, ndani ya mashimo yaliyotiwa samadi, na zai zenyewe zachimbwa katika sehemu kame za nchi yetu. Linalopungua ni subira. Vijana wetu waambiwa kwamba shamba ni kazi ya aliyekosa kazi, na baba akifa, matanga hayajaisha, warithi washamtafuta mnunuzi. Fedha huliwa mwaka mmoja, na mnazi uliopandwa na babu hukatwa na mtu asiyemjua babu huyo. Hatusemi kuuza ni haramu. Twasema mtu na aijue thamani ya anachokitoa.

Basi, enyi wazazi, wachukueni watoto mwende nao shamba, nanyi wenye wazee wakulima, kaeni nao muwaulize wanayoyajua wangali hai. Mzee asiyejua kusoma aweza kuwa na elimu isiyopatikana kitabuni. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufunza kwamba apandaye mti, kisha akala humo mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Yacouba Sawadogo, amlipe kwa kila kivuli alichokiacha, na awarehemu wakulima wetu waliotulisha wakatangulia pasi na kutajwa popote. Amin.

Wabillahi tawfiq.