Mama Hajambo kwa Simu

Kila Januari mabasi hushuka kutoka Rombo na Machame, mkoani Kilimanjaro, yakiwarudisha watu Dar es Salaam, na huko nyuma hubaki wazee na migomba yao. Ni utaratibu wa miaka mingi, na umewezekana kwa sababu mzee anayebaki ana akili timamu. Kumbukumbu zikianza kumtoka, mpango wote unalegea, maana kila msaada tuliomwandalia unamtaka akumbuke.

Hela ya M-Pesa inamtaka akumbuke namba ya siri. Ndiyo maana wengi humkabidhi wakala simu na kumtajia namba mbele ya foleni nzima: "Mwanangu, nitolee." Dawa ya presha inamtaka akumbuke kama asubuhi amekwisha kumeza au bado. Matibabu ya bure kwa wazee nayo yanamtaka akumbuke alikoweka kitambulisho.

Na sisi watoto tunampima kwa simu, kipimo kibovu kuliko vyote. Shikamoo mama. Marahaba baba, hujambo? Sijambo. Watoto? Wazima. Tunamshukuru Mungu. Maneno haya ameyasema tangu utotoni mpaka yanatoka kama pumzi. Mgonjwa wa demensia, ugonjwa unaodhoofisha kumbukumbu na akili, anaweza kuyamaliza yote bila kujikwaa, hata kama hajui anaongea na mtoto yupi. Tunakata simu tumeridhika. Anayejua ukweli ni jirani aliyemkuta anakoroga uji saa nane usiku, au mjukuu wa darasa la tatu anayeishi naye. (Mjukuu huyo ndiye anayetufanya tuseme bibi hayuko peke yake. Nani anamlea nani, hatuulizi.)

Utafiti uliofanywa wilayani Hai mwaka 2009 na 2010 ulikuta demensia kwa wazee takriban 6 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, kiwango kinachokaribiana na cha nchi tajiri. Familia nyingi husema ni uzee tu. Hilo bado ni jibu la heri, kwani kuna mahali jibu ni uchawi. Usukumani vikongwe wenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni wameshukiwa na kuuawa. Kilifi nchini Kenya wazee wameuawa vivyo hivyo, na mara nyingine nyuma ya tuhuma kuna shamba linalotakiwa. Sasa mfikirie bibi aliyepotea njia, akakutwa usiku uani kwa watu, asiweze kueleza amefikaje. Ugonjwa umempa dalili zote ambazo washtaki wake wanazitafuta. Mwenye mtoto karibu atapata wa kusema, "Huyu ni mama yangu, anaumwa." Aliye peke yake atajitetea kwa lipi?

Wapo wanaosema aletwe mjini. Mimi nasita. Kijijini miguu yake inaijua njia ya mferejini hata akili ikisahau. Mlete Mbagala kwenye chumba cha kupanga, mumfungie mchana kutwa kwa sababu wote mko kazini, naye atakuwa mpweke kuliko alivyokuwa kwake. Siku akipenya mlangoni, hakuna mtaani anayejua ni mama wa nani.

Fedha je? Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila aliyefikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, na Kenya ikafuata mwaka 2018 kwa shilingi 2,000 za huko. Ni hatua kubwa, sina ubishi. Lakini Zanzibar ilipoanza kwa kulipa taslimu vituoni, mzee alionekana kwa macho, mbele ya watu wa shehia yake. Tukihamishia kila kitu kwenye simu kwa jina la urahisi, tunaifuta hata nafasi hiyo ya kuonekana.

Kinachopungua ni mtu. Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Mhudumu akitoka nyumba yenye mtoto mchanga, aingie na kwa bibi: ampime presha, ahesabu vidonge vilivyobaki, amuulize leo ni siku gani. Hayo hayahitaji mashine ya hospitali ya rufaa. Yanahitaji yaandikwe kwenye majukumu yake na alipwe kwa wakati.

Jirani naye alipwe. Kwenye hela tunayomtumia mama, itengwe elfu kumi ya mtu anayemchungulia kila asubuhi. Najua wako watakaoona ni aibu kuulipia ujirani, lakini jirani ana watoto wa kusomesha, na tumekuwa tukimtumikisha bure kwa miaka. Yeye ndiye apigiwe simu kwanza. Akishapigiwa yeye, ndipo apigiwe mama, na salamu zikiisha aulizwe jana jioni alipika nini.